Kigwe cha Mtakatifu Audrey



Neno nililokuja nalo jioni hii ni kivumishi cha Kiingereza, tawdry, kinachotamkwa takribani "todri". Si neno la kila siku. Mtu anaweza kusoma Kiingereza tangu shule ya msingi hadi chuo kikuu asikutane nalo ila mara mbili tatu, katika riwaya au katika gazeti linaloeleza kashfa ya mwanasiasa na hawara wake. Hutajwa kwa kitu kinachong'aa kwa bei rahisi: gauni la rangi za kuwaka lililoshonwa ovyo, kidani cha bati kilichopakwa rangi ya dhahabu, ukumbi wa dansi uliojaa taa na vioo huku zulia limechakaa. Hutajwa pia kwa tendo la aibu ambalo halina hata ukubwa wa dhambi kubwa.

Ndani ya neno hili mna malkia, jeneza la marumaru, uvimbe wa shingo, gulio la mashambani, sheria za Bunge na ghasia za wafumaji. Nitayaeleza hayo kwa kirefu kwa sababu nina jambo la kudai. Kamusi zinasema kivumishi hiki hukihukumu kitu. Mimi nadai kwamba tangu mwanzo kilimhukumu mtu aliyekinunua, na kwamba ushahidi upo katika historia yake yenyewe.

Tuanze na malkia. Katika karne ya 7 nchi tunayoiita Uingereza ilikuwa falme nyingi ndogo. Katika ufalme wa Waangli wa Mashariki alitawala mfalme aliyeitwa Anna, jina ambalo kwao lilikuwa la kiume. Binti yake mmoja aliitwa Æthelthryth. Aliolewa kwanza na mtu mkubwa aliyeitwa Tondberht, ambaye alifariki baada ya muda mfupi. Mwaka 660 akaozwa kwa Ecgfrith wa Northumbria, kijana wa miaka kama 15, aliyekuja kuwa mfalme mwaka 670. Katika ndoa zote mbili alishikilia nadhiri ya ubikira. Ecgfrith alipopevuka hakuridhika na hali hiyo. Alimwahidi Askofu Wilfrid ardhi na fedha nyingi iwapo angemshawishi malkia akubali kuwa mke kamili. Habari hizi tunazo kwa sababu Wilfrid mwenyewe alimsimulia Bede, mtawa aliyemaliza historia yake ya Kanisa la Waingereza mwaka 731.

Baada ya miaka 12 malkia aliruhusiwa kuondoka. Alivikwa shela ya utawa huko Coldingham, kisha akaenda Ely, na mwaka 673 akaanzisha monasteri ambayo yeye ndiye aliyekuwa abesi wake wa kwanza. Ely wakati ule ilikuwa kisiwa katikati ya kinamasi. Bede anasema jina lake limetokana na wingi wa mikunga waliovuliwa katika maji yale. Hapo binti wa mfalme alivaa sufu peke yake, hakugusa tena kitani. Alikula mlo mmoja kwa siku. Maji ya moto aliyaoga kabla ya sikukuu kubwa tu, na aliyaoga wa mwisho, baada ya kuwaosha watawa wenzake.

Mwaka 679 tauni iliingia monasterini. Æthelthryth alitokwa na uvimbe mkubwa chini ya taya, na tabibu aliyeitwa Cynefrith akaupasua ili usaha utoke. Kwa siku mbili ilionekana kama atapona, siku ya tatu akafariki. Bede anaeleza kwamba mgonjwa aliyapokea maumivu yale kwa shukrani. Alikumbuka kuwa alipokuwa msichana alibeba shingoni mikufu ya fahari, na sasa Mungu amemlipisha upuuzi ule kwa kumpa wekundu na moto wa jipu mahali palipokuwa na dhahabu na lulu. Miaka 16 baadaye, tarehe 17 Oktoba, dada yake Seaxburh, aliyemrithi uongozi, alimtoa katika jeneza la mbao ili amzike ndani ya kanisa. Watawa waliotumwa kutafuta jiwe walikuta jeneza la marumaru nyeupe karibu na mji uliohamwa, jirani na Cambridge ya leo. Mwili ulikutwa haujaoza. Cynefrith alikuwapo, na alishuhudia kwamba jeraha alilolikata kwa mkono wake lilikuwa limefunga, limebaki kovu jembamba.

Naomba mlishike jambo hili la shingo, kwa sababu kila kilichofuata kilining'inia hapo.

Ely ikawa mahali pa hija. Monasteri iliangamizwa na Wadenmark mwaka 870, ikajengwa upya mwaka 970, na tangu mwaka 1083 likaanza kujengwa kanisa kubwa ambalo bado linaonekana kutoka mbali katika nchi ile tambarare. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, jina Æthelthryth, ambalo Kilatini kiliandika Etheldreda, liliingia katika vinywa vya watu waliozungumza Kifaransa. Likapunguzwa konsonanti moja baada ya nyingine mpaka likawa Audrey. Sikukuu ya kuhamishwa kwa mwili, tarehe 17 Oktoba, ikawa na gulio lake. Watu walikuja kusali na kununua. Miongoni mwa vitu walivyorudi navyo nyumbani kilikuwamo kigwe chembamba cha hariri, cha kuvaa shingoni, kilichoitwa kwa jina la mtakatifu mwenyewe.

Kwa Kiingereza kiliitwa lace. Wakati ule neno hilo halikumaanisha kitambaa cha matundu ambacho maharusi hukivaa leo. Lilitokana na neno la Kilatini lenye maana ya tanzi, likapitia Kifaransa cha kale, na lilitajwa kwa uzi uliosukwa wa kufungia kitu. Ndiyo maana nachagua neno letu kigwe. Mwaka 1530 John Palsgrave, aliyeandika kitabu kikubwa cha kuwafundisha Waingereza Kifaransa, aliorodhesha kigwe cha Mtakatifu Audrey kama kitu kinachojulikana na kila msomaji. Shahidi mwingine ni Nicholas Harpsfield, shemasi mkuu wa Canterbury, Mkatoliki aliyefungwa miaka mingi katika enzi ya Elizabeth wa Kwanza na kufariki mwaka 1575. Katika historia yake ya Kanisa, iliyochapishwa mwaka 1622, aliandika kwamba wanawake wa Uingereza wana desturi ya kuvaa shingoni mkufu wa hariri nyembamba na laini unaoitwa mkufu wa Audrey, na akaona huenda ni kwa kumbukumbu ya kisa kile cha uvimbe. Ananigusa Harpsfield. Anakieleza kigwe kwa upole, bila kejeli yoyote, kama mtu anayeeleza rozari ya mama yake.

Tukumbuke pia hariri ilikuwa nini kwa mwanamke wa kawaida. Uingereza haikuzalisha hariri. Nyuzi mbichi zilitoka ng'ambo, nyingi kupitia mikono ya wafanyabiashara wa Italia, na waliozisokota na kuzisuka kuwa vigwe na tepe walikuwa wanawake wa London. Kazi yao ilikuwa na uzito kiasi kwamba mwaka 1455 Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia bidhaa za hariri zilizokwisha kutengenezwa zisiingizwe nchini na kuwaua kibiashara. Upande wa pili palikuwa na sheria za mavazi. Ile ya mwaka 1363 ilipanga kila tabaka livae nini. Mke wa fundi hakuruhusiwa shela ya hariri. Sheria zilizofuata ziliongeza orodha ya vitambaa, manyoya na rangi zilizohifadhiwa kwa wakubwa. Mwaka 1574 Elizabeth alitoa tangazo lililowabana wanawake pamoja na wanaume. Katika nchi yenye sheria za namna hiyo, kigwe chembamba kilichonunuliwa kwenye gulio la mtakatifu kilikuwa, kwa wasichana wengi wa mashambani, hariri pekee waliyopata kuigusa maishani.

Sasa tufike kwenye herufi ya kwanza ya kivumishi chetu. Jina Audrey linaanza kwa irabu, na neno la Kiingereza la mtakatifu linaishia kwa sauti ya t. Yatamkeni mawili hayo kwa haraka, kama mchuuzi anayenadi bidhaa, na ile t inaliacha neno lake na kukaa mwanzoni mwa jina. Mtakatifu anapotea, inabaki todri. Hali hii haikuwa ya ajabu katika Kiingereza. Kuna barabara ya London inayoitwa Tooley, na hapo zamani ilikuwa barabara ya Mtakatifu Olave. Nguruwe mdogo kuliko wote katika uzao mmoja aliitwa tantony, kwa sababu alikuwa wa Mtakatifu Antoni. Hata aproni, vazi la jikoni, lilianza na n ambayo baadaye ilinyakuliwa na neno lililolitangulia. Masikio yetu yamefanya kazi ya namna hiyo hiyo. Kitabu kilitoka Uarabuni na ki ikiwa sehemu ya mzizi wake. Sisi tuliisikia kama kiambishi cha ngeli, tukazaa vitabu. Madereva nao wakachukua maneno mawili ya Kiingereza ya kumwamuru mtu ashike kushoto, wakapata kiplefti, na viplefti vikajaa mijini. Msemaji husikia mpaka wa neno pale lugha yake ilipomzoesha kuusikia.

Kwa hiyo kupotea kwa mtakatifu ndani ya jina kulikuwa ajali ya ulimi. Lakini kupotea kwake mahali pengine hakukuwa ajali. Mwaka 1539 Henry wa Nane aliivunja monasteri ya Ely, na mwaka 1541 kaburi la hija likabomolewa kwa amri. Hija ikakoma. Kigwe kikaendelea kuuzwa, kikiwa na jina ambalo kizazi kipya hakikulijua asili yake. Mama aliyekuwa amesali Ely angeweza kumwambia binti yake kisa cha shingo, na binti angeweza kumwambia mwanawe, lakini hapakuwa tena na kaburi la kumpeleka akalione. Katika nchi iliyofundishwa kwamba kuheshimu masalia ni ushirikina, pambo lenye harufu ya hija lilianza kutazamwa kwa jicho lingine.

Hata hivyo dharau haikuja mara moja, na tarehe ndizo zinazonisaidia hapa. Mwaka 1579 Edmund Spenser alichapisha mashairi yake ya wachungaji. Katika shairi la mwezi wa Aprili, mabinti wa wachungaji wanatakiwa wajipambe kwa heshima kabla ya kumtukuza malkia wao, na pambo wanalotakiwa kujifunga kiunoni ni kigwe hiki. Hakuna kicheko pale. Mwaka 1612 Michael Drayton, katika shairi lake refu kuhusu mito na milima ya Uingereza, aliwavika mabinti wa majini vigwe vya jina hilo shingoni, na pale pia ni pambo zuri la kushairiwa.

Karibu na wakati huo huo Shakespeare aliandika mchezo wa The Winter's Tale. Msichana mchungaji, Mopsa, anamkumbusha kijana kwamba alimwahidi kigwe na glavu zenye manukato. Kijana hana fedha, kwa sababu ameibiwa. Aliyemwibia ni Autolycus, mchuuzi na mwizi wa mifukoni, ambaye anafika kwenye sherehe ya kunyoa kondoo akiwa na tepe za kila rangi. Naona hapa ndipo kigwe kinapoanza kuteleza. Neno lenyewe bado halina doa. Mopsa anakitaka kwa hamu na hapana anayemwambia ni kitu duni. Lakini watu wa London waliokaa kwenye mabenchi ya tamthilia walikuwa wanaitazama hamu hiyo kutoka juu, na mwandishi aliwapa nafasi ya kuicheka. Kutoka kuchekea hamu ya msichana hadi kudharau kitu anachokitamani ni hatua moja fupi.

Hatua hiyo ilikamilika katika miaka ya 1670. Hapo ndipo neno linapoonekana katika maandishi likiwa kivumishi, na maana yake tangu siku ya kwanza ni ya kudharau: kitu cha kujionyesha, kinachoigiza ubora kisio nao. Kati ya Harpsfield na miaka hiyo ni karne moja tu. Kulitokea nini?

Jibu linalorudiwa mara nyingi ni kwamba bidhaa za gulio la Ely zilishuka ubora, na jina likashuka pamoja nazo. Siridhiki nalo. Kila gulio duniani lina bidhaa nzuri na mbovu, na majina ya magulio mengine mengi ya Uingereza hayakugeuka matusi. Naomba tutazame mambo mawili mengine.

La kwanza ni la kisheria. Mwaka 1604, mara tu baada ya James wa Kwanza kushika kiti, Bunge lilifuta sheria za mavazi. Tangu hapo mke wa mwashi aliyeweza kununua hariri aliweza kuivaa bila kumwogopa hakimu. Kwa miaka mia mbili na arobaini cheo kilikuwa kimeandikwa mwilini kwa amri ya serikali, na sasa amri haikuwapo. Lakini hamu ya wakubwa ya kutofautishwa na wadogo haikufutwa na Bunge. Ilitafuta chombo kingine, na chombo kilichokuwa karibu kilikuwa lugha. Sheria ilikuwa ikisema "usivae hii". Kivumishi kikasema "vaa, lakini tunakuona".

La pili ni la kiufundi. Katika karne ya 17 mitambo ya Kiholanzi ya kufumia tepe ilienea London. Katika mtambo mmoja fundi mmoja aliweza kufuma tepe nyingi kwa pamoja, ambapo mfumaji wa mtambo wa kawaida alifuma moja. Bei ikaanguka. Mwezi wa Agosti 1675 wafumaji wa London waliingia mitaani, wakavunja nyumba zenye mitambo hiyo, wakaitoa nje na kuichoma moto. Walikuwa wanaona mkate wao unatolewa mezani. Sidai kwamba ghasia zile ndizo zilizozaa kivumishi chetu. Nasema muongo ulikuwa mmoja. Miaka ile ile ambayo tepe zilikuwa zinatoka kwenye mtambo kwa wingi ambao haujapata kuonekana, na mtumishi wa jikoni akaweza kujifunga utepe unaofanana na wa bibi yake, ndiyo miaka ambayo Kiingereza kilipata neno la kumwambia bibi kwamba utepe wake na wa mtumishi si kitu kimoja.

Mkinibana mniulize ushahidi kwamba shabaha ilikuwa mtu na wala si utepe, nitamwita Samuel Johnson. Kamusi yake ilitoka mwaka 1755 na kwa zaidi ya miaka mia moja ilikuwa ndiyo mahakama ya rufaa ya Kiingereza. Johnson aliijua asili ya neno, aliirudisha kwa Mtakatifu Audrey na gulio lake. Katika kulifafanua alikusanya mashtaka kadhaa: mng'aro wa kinyonge, urembo usio na madaha. Shtaka moja kati yao lilinisimamisha nilipolisoma. Johnson anahesabu kuwa kasoro kwamba kitu kina fahari ambayo haikugharimu. Pimeni uzito wa shtaka hilo. Kitu kinakubaliwa kuwa kinapendeza macho, kosa lake ni kwamba mwenyewe hakulipa sana. Kisha anamalizia kwa kueleza kwamba neno hutumika kwa vitu na vilevile kwa watu wanaovivaa. Hiyo ndiyo hoja yangu nzima, imeandikwa na mtungaji mkuu wa kamusi za Kiingereza, miaka themanini tu tangu kivumishi kizaliwe.

Nalieleza hili kwa moyo mzito kwa sababu Johnson hakuwa mtoto wa jumba la kifalme. Baba yake aliuza vitabu katika mji wa Lichfield na alikufa na madeni. Johnson aliingia Chuo cha Pembroke, Oxford, mwaka 1728, na baada ya miezi 13 alilazimika kuondoka kwa kukosa fedha. Akiwa pale viatu vyake vilichakaa hadi vidole vikatokeza nje, na wanafunzi matajiri wakawa wanaviangalia. Mtu mmoja mwenye huruma aliweka jozi mpya mlangoni pake usiku. Johnson alipoiona aliitupa kwa hasira. Mtu huyu aliyajua macho yanayotazama nguo ya maskini kuliko mtungaji mwingine yeyote wa kamusi. Pamoja na hayo, alipofika kwenye ukurasa huu aliandika lile ambalo lugha ilikuwa inasema, kwa uaminifu wa fundi. Namheshimu kwa kutolipamba.

Wako watakaosema kila lugha huhitaji neno la kulikosoa pambo bovu, na sisi tunasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ni kweli, na methali hiyo naipenda. Lakini tazameni inachokipima. Inauliza ndani mna nini. Mkakasi wa tajiri na mkakasi wa maskini hufunguliwa kwa kipimo kile kile. Kivumishi cha Kiingereza hakijishughulishi kufungua. Kinatazama nje, kinakisia bei, kisha kinamtazama aliyevaa.

Wala hakiko peke yake. Kiingereza kimejaa matusi yaliyoanza yakiwa majina ya watu wa chini. Neno wanalolitumia kwa mtu mwovu katika hadithi, villain, lilikuwa jina la mkulima aliyefungwa kwenye shamba la bwana. Boor, mtu asiye na adabu, lilikuwa mkulima. Lewd, ambalo leo ni mambo ya uasherati, liliwahi kumaanisha mlei asiyejua kusoma. Vulgar lilikuwa la watu wa kawaida, basi. Kwa upande wa pili, maneno ya sifa kama noble na gentle yalitajwa kwanza kwa watu wa nasaba kubwa. C. S. Lewis, ambaye wengi wanamjua kwa hadithi za watoto, alikuwa mwanazuoni wa fasihi, na katika kitabu chake kuhusu maneno kilichotoka mwaka 1960 aliionyesha njia hii kwa upana: jina la cheo huhamia kuwa jina la tabia.

Nasi hatuwezi kuwanyoshea Waingereza vidole. Muungwana wa pwani alikuwa kwanza mtu huru, asiye mtumwa. Leo ni mtu mwenye adabu, na hatujiulizi aliyekuwa mtumwa alikosa adabu gani. Mshenzi alikuwa mtu wa bara, machoni pa wenyeji wa miji ya pwani. Babu zetu wengi waliitwa hivyo kabla hawajatenda lolote. Ustaarabu, neno tuliloliweka katika vitabu vya historia na hotuba za viongozi, limebeba ndani yake Uarabu kama kipimo cha utu. Watu wanayatumia maneno haya kwa nia njema kila siku, nami nayatumia. Lakini aliyeyatunga alikuwa amesimama mahali fulani, na pale aliposimama panaonekana.

Turudi kwa tawdry. Katika karne mbili zilizopita limepanda kutoka nguo hadi mwenendo. Leo Mwingereza husema hivyo kuhusu mapenzi ya siri katika hoteli ya bei rahisi, kuhusu mapatano ya kisiasa yaliyofanywa kwa tamaa ndogo, kuhusu gazeti linalouza siri za vyumba vya watu. Katika matumizi haya neno limepata haki ambayo halikuwa nayo zamani. Waziri anayeuza saini yake kwa safari ya bure na saa ya mkononi ametenda tendo linalostahili neno hili hasa, kwa sababu yeye alikuwa na uwezo wa kuwa bora. Lakini mwandishi yule yule akilitumia kwa gauni la mwanamke aliyepanda basi kwenda harusini, amefanya kilichofanywa miaka ya 1670. Uzito wa neno unategemea nani yuko ndani ya sentensi, na ni jambo ambalo ufafanuzi wa kamusi haumwambii mwanafunzi.

Jina la malkia wetu, kwa upande wake, limebaki safi. Shakespeare alimpa mchunga mbuzi katika As You Like It. Wazazi wa Ulaya na Marekani wamewapa mabinti wengi, na dunia nzima ilimjua mwigizaji Audrey Hepburn, aliyesifiwa kwa mavazi yake kuliko karibu mwanamke yeyote wa karne ya 20. Ndani ya kanisa kuu la Ely kuna jiwe sakafuni linaloonyesha mahali lilipokuwa kaburi lililobomolewa. London nako lipo kanisa la Mtakatifu Etheldreda, lililojengwa karne ya 13 kwa ajili ya maaskofu wa Ely, na kila mwaka ifikapo sikukuu ya Mtakatifu Blaise watu huenda pale kubarikiwa koo zao.

Nina ombi kwa ndugu zangu mnaotunga kamusi za Kiingereza na Kiswahili. Kwa kawaida mnaweka alama pembeni ya neno la mtaani, la kale, la kishairi au la kisheria. Pembeni ya hili wekeni alama kwamba ni la dharau, na iwe mbele ya ufafanuzi, asije mwanafunzi akadhani anajifunza jina la aina ya kitambaa. Kwa maana ya kwanza andikeni: "(pambo au vazi) -enye kung'aa na la bei ndogo, kwa maoni ya msemaji". Kwa maana ya pili: "(tendo) la aibu na la tamaa ndogo". Na kama ukurasa una nafasi ya mstari mmoja zaidi, andikeni kwamba hapo awali lilikuwa jina la kigwe cha hariri kilichovaliwa shingoni na wanawake wa Uingereza, kwa heshima ya abesi wa Ely aliyefariki mwaka 679.